Skrambla Kwenye Njia ya Mama Mkwe

Nilinunua pikipiki yangu ya pili nikiwa na miaka arobaini na sita, na tumbo ambalo halikuwepo wakati wa ile ya kwanza. Ya kwanza haikuwa yangu hasa, ilikuwa ya serikali. Miaka ya sabini nilikuwa bwana mifugo kijana huko milimani Mbooni, nikitoka Kikima kila asubuhi na sanduku la chanjo nyuma, na hapakuwa na boma la ng'ombe nisilolifikia. Kisha mvua za Novemba zikanikuta kwenye kona ya udongo mwekundu, pikipiki ikaenda njia yake nami yangu, na mguu wa kulia ukavunjika mahali pawili. Nilipotoka hospitali nilipewa meza katika ofisi moja Kitui mjini. Nilikaa kwenye meza hiyo miaka kumi na minne, nikipiga mihuri vibali vya kusafirisha mbuzi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilistaafu mapema nikarudi nyumbani, upande wa Kathonzweni, nikaanza kutibu mifugo kwa kujitegemea. Nilikuwa na baiskeli. Aliyezaliwa kwetu anajua jinsi baiskeli inavyokwenda kwenye mchanga: unaisukuma. Mara mbili nilifika kwa mtu nikakuta ng'ombe niliyeitiwa ameshachunwa ngozi, na mwenyewe akanikaribisha nyama kwa upole ulioniuma kuliko matusi. Basi nikamwambia mke wangu kwamba nahitaji pikipiki kwa ajili ya kazi. Ilikuwa kweli, ila si kweli yote. Katika ile miaka kumi na minne, kila skrambla, pikipiki ya njia mbovu, iliyopita nje ya dirisha la ofisi ilinifanya niache muhuri ukining'inia hewani mpaka sauti yake ipotee. Nilikuwa na hamu ya pikipiki jinsi mtu anavyokuwa na hamu ya nyumbani kwao.

Mke wangu hakunijibu siku hiyo. Yeye ndiye aliyeniogesha miezi mitatu nikiwa na plasta mpaka kiunoni, kwa hiyo alikuwa na haki ya kunyamaza.

Pikipiki yenyewe ilinijia sokoni. Kila siku ya soko Kathonzweni alikuja mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe kutoka Emali, Mwislamu ambaye kwao ni kaskazini mashariki, ndevu zimekolea hina, mtu wa maneno machache mpaka aanze kuuza kitu.

"Daktari," aliniambia, maana sokoni kila mwenye sindano ni daktari, "mimi iko na pikipiki Emali. Skrambla. Ndugu yangu alikuwa anafuata ng'ombe nayo, sasa amerudi nyumbani Garissa. Inakaa tu. Kuku ndio inalala juu."

"Iko na shida gani?"

"Shida? Hiyo haijagonjeka hata siku moja. Walahi."

Tukakubaliana kubadilishana: fahali wangu wawili kwa pikipiki yake. Nikapanda kwenye lori lake pamoja na fahali wangu, wao nyuma mimi mbele, tukaenda Emali.

Nilipoiona nilijitahidi usoni nionekane sijali. Ilikuwa nyekundu chini ya kinyesi cha kuku, madigadi ya mbele imeinuka juu, tairi zenye meno makubwa za kushika mchanga, na ekzosi, bomba la moshi, imepita juu ubavuni ili mtu aweze kuvuka maji. Ukweli ni kwamba sikuwahi kujua injini. Ile ya serikali ilikuwa na fundi wake. Ninachojua ni ng'ombe, kwa hiyo niliikagua kama ng'ombe. Niliizunguka mara mbili. Nilitazama tumbo. Nilikamata miguu ya mbele nikaisukuma chini kuona kama inachechemea. Nilifungua tanki nikanusa pumzi. Mwenyewe alinifuata nyuma akiniambia umri na tabia, na alipofika kwenye tairi akaniambia, "Angalia meno," nami nikainama nikaangalia meno. Hakuna kati yetu aliyeona jambo la kuchekesha. Wapakiaji wa lori ndio waliocheka.

Walicheka zaidi nilipopiga kiki. Nilipiga mara saba, jasho likanitoka, suruali ikaanza kuteremka. Mara ya nane mmoja wao akapaza sauti, "Mzee, petroli umefunga!" Kweli, nilikuwa sijaifungua. Nilipoifungua, ikawaka kwa kiki moja, ikatoa moshi na manyoya mawili ya kuku, na nikasahau kabisa kwamba watu wananitazama.

Kutoka Emali mpaka nyumbani ni mwendo wa saa mbili kwa mtu anayejua anachofanya. Mimi nilichukua nne. Niliizima mara tatu kabla ya kutoka mjini kwa kuachia klachi vibaya. Kwenye mteremko wa kwanza mguu ulitafuta breki ukapata gia. Lakini mahali fulani kabla ya mji wa Wote, barabara ya vumbi ikiwa tupu mbele yangu, mwili ulikumbuka wenyewe bila kuniuliza. Nilisimama juu ya vyuma vya miguu kama zamani, magoti yakacheza na mashimo, nikaanza kuimba pambio la kanisani kwa sauti kubwa ndani ya helmeti. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Sijui niieleze vipi tena.

Mke wangu alikuwa anapepeta pojo uani nilipoingia. Alitazama pikipiki, akanitazama mimi, kisha mguu wangu wa kulia.

"Alhamisi itaombewa," akasema. "Haitoki hapa kabla haijaombewa."

Hilo sikulipinga. Kwetu hata redio mpya huombewa. Alhamisi wakaja akina mama wa ushirika wa kanisa letu, kama ishirini hivi, wakaizunguka pale uani, wakaiwekea mikono: kwenye tanki, kwenye kiti, mmoja akashika taa. Waliomba vizuri na kwa kirefu. Nikafikiri yameisha, nikasema amina yangu na kuanza kutafuta chai. Hapo ndipo mke wangu aliposimama na kusema ana neno dogo.

"Nyinyi mnajua vile nilimuuguza huyu," akawaambia. "Sikatai pikipiki, ni ya kazi. Lakini siku ataanguka nayo, hata mara moja, hata kidogo, inauzwa. Nyinyi ndio mashahidi wangu. Kanisa linasema?"

"Amina!" likasema kanisa.

Wote wakanigeukia. Nilisema amina. Ningefanya nini?

Kulikuwa na amina moja iliyotoka mbali kidogo, kutoka nyuma ya ghala la mahindi, na hiyo nilijua ni ya nani. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja pia, lakini alikaa kule ambako sikuweza kumwona wala yeye kuniona. Hapa lazima nieleze, kwa sababu vijana wa leo wanashikana mikono na mama wakwe zao na kupiga nao picha. Sisi tulikuwa na nthoni. Ni heshima na haya kwa pamoja, na kati ya mwanamume na mama wa mkewe ilikuwa kali kama sheria. Humwiti kwa jina. Huli naye. Humtazami usoni, naye hakutazami. Mkikutana njiani mmoja anatoka njiani, anaingia kichakani na kugeuza mgongo mpaka mwenzake apite. Si uadui hata kidogo. Wengi kanisani walikuwa wameshaiacha, wakasema ni mambo ya zamani, lakini mama mkwe wangu aliisoma Biblia yake kila siku na hakuona mahali ilipokatazwa.

Boma lake lilikuwa ng'ambo ya mto wetu wa mchanga, na njia ya kwenda kwenye visima vya mchangani ilikuwa moja kwa sisi sote. Kwa miaka kumi na tisa, tangu nioe, hata nilipokuwa nakuja nyumbani likizo tu, tulikuwa na mpango wetu ambao hakuna aliyewahi kuutamka. Nikikaribia kona nilikohoa. Akiwa upande wa pili alikohoa. Mimi ndiye niliyeingia kichakani, kwa sababu mimi ndiye mdogo na mgongoni mwake alikuwa na maji. Nilijua kikohozi chake kuliko nilivyoijua sura yake. Nadhani kama ningemkuta Nairobi nisingemtambua, mpaka akohoe.

Sasa mtakuwa mmeshaona nilichokuwa sijakiona. Mtu aliyevaa helmeti, akiwa juu ya injini, hasikii kikohozi.

Wiki ya tatu hivi, asubuhi, nilikuwa natoka kumwona ndama mwenye kuhara, nikakata njia ya mtoni. Mchanga nilikuwa nimeshauzoea, na nitakubali kwamba nilikuwa naringa kidogo. Nikapinda kona ya mwamba, na huyo hapo, hatua kumi mbele yangu, katikati ya njia, ameinama chini ya mtungi wa lita ishirini, ukambaa wa kuubebea mgongoni umepita kwenye paji la uso.

Mtu mwingine yeyote angekanyaga breki. Nafasi ilikuwepo, nimeipima baadaye kwa miguu. Lakini miaka kumi na tisa ilikuwa imeufundisha mwili wangu jambo moja tu la kufanya nikimwona mama huyo, nalo ni kutoka njiani. Nilitoka njiani. Nilitoka nikiwa kwenye gia ya tatu, nikaingia kwenye migunga, pikipiki ikapanda kichuguu, ikanilaza upande wa kushoto na kunilalia juu. Injini ikazima. Nakumbuka kwamba nilipokuwa hewani nilijaribu kugeuza mgongo.

Sikuvunjika. Nilijua mara moja, maana nakijua kuvunjika. Lakini mguu ulikuwa umebanwa chini, miiba imenishika shati kila upande, na ekzosi ilikuwa imenilalia juu ya shavu la mguu, na ekzosi ni moto. Nikang'ata mkono wa shati. Kitu nilichokifikiria kwanza, nasema wazi, si mguu. Nilifikiria akina mama ishirini wakisema amina, na shahidi mmoja akiwa amesimama hapo hapo.

Nilisikia mtungi ukiwekwa chini. Nilipogeuza shingo niliona mgongo wake: alikuwa amegeuka, shuka amelivuta kichwani, kama inavyotakiwa. Halafu akaanza kuomba kwa sauti.

"Ee Bwana," akasema. "Kama kuna mtu hapa ameumia, mwambie aseme."

Ilinichukua muda kuelewa. Nikafumba macho.

"Ee Bwana," nikasema mimi, "huyo mtu hajaumia sana. Ila pikipiki imemlalia na inamchoma."

"Ee Bwana, inamchoma wapi?"

"Mguuni, Bwana. Wa kushoto."

"Asante Bwana kwa kuwa si ule wa zamani," akasema, na nikasikia viatu vyake vya tairi vikija. Alikuja kinyumenyume. Alikuja akipapasa nyuma kwa mikono yote miwili, macho amefumba, miiba ikimkwaruza vifundo, akiomba njia nzima aonyeshwe mahali pa kukanyaga. Mkono wake ukapata karia ya pikipiki, ukaikamata.

"Ee Bwana, mpe huyo mtu nguvu asukume sasa hivi. Sasa hivi, Bwana!"

Nikasukuma, akainua. Huyo mama alikuwa na miaka sitini na zaidi, na aliinua chuma kile kwa mikono ya nyuma. Mguu ukatoka. Sote wawili tukasema amina. Akarudi kwenye njia, akaupandisha mtungi wake mgongoni peke yake, akaenda bila kugeuka hata mara moja. Nilibaki nimekaa kwenye miiba nikitetemeka, na sijui mpaka leo kama ilikuwa ni kicheko au ni kilio.

Nyumbani nilisema uongo. Nilimwambia mke wangu kwamba miiba ilinipata nikimkimbiza ng'ombe, na kidonda cha moto nikakifunika kwa suruali ndefu na soksi, kwenye joto la Oktoba. Kila pikipiki ilipowaka asubuhi nilijiona mwizi. Na kila nilipofikiria kuiuza nilijiona nimerudi kwenye ile meza, muhuri mkononi. Kwa hiyo nikaendelea kuwa mwizi. Jambo moja lilinisumbua zaidi: kama mke wangu angemuuliza mama yake, yule mama angefanya nini? Aseme ukweli anipokonye pikipiki, au aseme hakuona kitu, yeye mtu wa Biblia kila siku, kwa sababu yangu?

Jumapili mke wangu alipita kwa mama yake baada ya kanisa. Aliporudi nilikuwa chini ya kivuli cha nyumba nikijifanya nakaza mnyororo.

"Mama ametuma ujumbe," akasema. "Anasema kuanzia leo ukikaribia ule mwamba wa mtoni, piga honi ndefu. Anasema wewe usitoke njiani tena. Yeye ndiye atatoka. Anasema yeye ana miguu, inajua kuepuka miiba, na magurudumu hayajui."

Nikasema, "Sawa. Mwambie asante."

"Baba watoto."

"Naam."

"Mama alijuaje magurudumu hayajui miiba?"

Niliweka spana chini. Sikuwa na uongo wa pili, na hata ningekuwa nao nisingeutumia, kwa sababu ule ujumbe ulikuwa umenikaa kifuani. Nikamwambia yote. Kona, kichuguu, ekzosi, maombi. Mke wangu akapiga magoti, akanipandisha suruali, akanivua soksi, akatazama kidonda.

"Hii ingekuwa imepona kama ungesema," akasema.

"Nitaiuza. Nitampelekea yule mtu wa Emali siku ya soko."

Aliinuka akaenda nyuma ya jikoni, akarudi na kipande cha mshubiri, akanipaka majimaji yake kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Alikuwa amekasirika na mkono wake haukuficha.

"Mimi nilisema utauza na nilimaanisha," akasema hatimaye. "Lakini mama yangu ameacha njia yake kwa ajili ya hii takataka. Unajua ni kitu gani hicho? Mimi binti yake siwezi kumwambia nimeitupa. Kaa nayo. Lakini wale mashahidi, utawaambia mwenyewe, kwa mdomo wako."

Niliwaambia Alhamisi iliyofuata, nimesimama, kofia mkononi. Nilipofika mahali pa kugeuza mgongo nikiwa hewani, mwenyekiti wao alilazimika kutoka nje.

Basi nikawa na pikipiki yangu, kwa haki, na ungedhani nilikuwa mtu wa raha. Nilipiga honi kama nilivyoagizwa. Mara ya kwanza nilipopinda ile kona nikamkuta ameshaingia kwenye migunga, mtungi umemwinamisha, uso ameuelekeza porini, na vumbi langu likamfuata likamkalia kwenye shuka. Nilipita polepole nilivyoweza. Mara ya pili mwiba ulikuwa umeshika kitambaa chake cha kichwa, naye hakukitoa, alingoja tu nipite. Miaka kumi na tisa nilikuwa nimemtolea njia mama huyu, na sasa nilikuwa nampigia honi kama gari la mizigo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka ndani ya helmeti. Ng'ombe niliyekuwa nakwenda kumwona siku hiyo alipona, na sikufurahi.

Mara ya tatu sikupiga honi. Nilizima injini mbali, kabla ya mwamba, nikavua helmeti na kusikiliza. Akakohoa, karibu sana. Nikashuka, nikaisukuma pikipiki kutoka njiani, nikaiingiza kwenye miiba upande wa kulia, kilo mia na ushee, nikihema kama punda, nikageuza mgongo na kungoja apite.

Hakupita. Nilingoja, nikasikia ndege, nikasikia injini ikilia tik tik ikipoa. Nikakohoa kumwonyesha kwamba njia ni yake. Akakohoa naye, na kikohozi hakikutoka njiani. Kilitoka kwenye migunga ya upande wa pili. Alikuwa amesikia pikipiki ikija tangu mbali, akatoka njiani mapema, kama alivyoahidi.

Kwa hiyo tulisimama hivyo, yeye kichakani kwake nami kichakani kwangu, tumepeana migongo, na njia nzima iko katikati yetu haina mtu.

Halafu nikasikia sauti nisiyoijua. Ilianza kama kikohozi kikabadilika. Mama mkwe wangu alikuwa anacheka. Alicheka mpaka maji yakatikisika ndani ya mtungi, nami nikacheka, nikiwa nimeushika mgunga nisianguke.

"Mwanangu," akasema. Hakupitia kwa Bwana, wala kwa binti yake. Alisema nami. "Maji ni mazito. Mmoja wetu apite."

Machozi yalinitoka, na sioni haya kuyaandika.

"Pita wewe, mwaitu," nikauambia mgunga uliokuwa mbele ya uso wangu, maana ndivyo tunavyomwita mama. Nikabaki pale nikimsikia akipita nyuma yangu, polepole, maji yakigongagonga mgongoni mwake, mpaka nisimsikie tena.